Hela imeingia kutoka kwa "Skolastika P. Kapele", nikairudisha. Yaliyonikuta baada ya hapo

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi humu ni msomaji tu, nacheka na kupita. Leo naandika mwenyewe na sitaongeza chumvi, maana hata nikiongeza, sehemu ya mjinga inabaki kuwa yangu.

Nimezaliwa Kasokola, Mpanda. Sasa hivi niko Poland, mwaka wa tatu, napanga maboksi kwenye ghala. Akaunti ya benki ya nyumbani sijaifunga, naiangalia kwa app.

Shida ni kwamba laini yangu ya Tanzania huku haishiki mtandao, hivyo SMS za benki hazinifikii. Ninachokiona ni kile kilichoandikwa kwenye statement, basi.

Siku moja wakati wa mapumziko nafungua app nakuta laki mbili na arobaini imeingia. Mtumaji: SKOLASTIKA P KAPELE. Sehemu ya maelezo haina neno hata moja.

Nikakaa nawaza. Skolastika gani huyu?

Mnajua tulivyolelewa na zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii". Halafu hapa kazini kuna jamaa aliingiziwa hela asiyoijua, benki yake ikamfungia akaunti wiki tatu anakula mikate ya kuomba. Nikaona hii imeshanifikia na mimi.

Nikapiga customer care. Dada wa watu akaniambia kwa upole kwamba taarifa za mteja mwingine hawatoi, jina nililoliona linatosha. Linatosha kwa nani sasa?

Nikauliza kwenye group la ukoo: "Nani anamjua Skolastika Kapele?" Tuko watu kumi na moja mle. Hakuna aliyemjua. Binamu mmoja akauliza kama ni mchumba, wengine wakaweka emoji za kucheka.

Hapa nirudi nyuma kidogo, mtaona kwa nini.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka minne. Baba akaoa mwanamke wa Kipimbwe, akazaa naye mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa alifariki mdogo, lakini jina likabaki kwa mama. Nyumbani Mama Kulwa, kanisani Mama Kulwa, shambani Mama Kulwa. Baba mwenyewe alimwita hivyo mpaka anakufa. Mimi nilimwita Mama.

Huyo ndiye aliyenilea. Alinibeba mgongoni mpaka zahanati nikiwa na degedege, na yeye mwenyewe alikuwa mjamzito.

Mwaka juzi baba akafariki, mimi niko huku, sikuweza kwenda kuzika. Miezi michache baadaye nikasikia Mama Kulwa amekodisha shamba la bondeni, lile la mpunga, bila kuniambia. Nikapiga simu nikiwa na hasira. Nikamwambia: "Wewe si mama yangu."

Simu ikakatwa. Doto akaja kunisema kwenye group, na kwa kuwa admin ni mimi, nikamtoa. Tukanyamaziana mwaka mzima na zaidi.

Nirudi kwenye hela.

Ukibonyeza muamala, namba ya akaunti ya mtumaji inaonekana. Nikasema bora nirudishe, nilale na amani. Nikarudisha yote, senti haikupungua. Kwenye maelezo nikaandika: "Sikujui. Usitume tena."

Nikajiona mtu mwadilifu kweli. Nikawasimulia mpaka wenzangu kazini.

Baada ya siku tisa simu ikaingia WhatsApp, namba ya Doto. Hata salamu hakunipa.

"Kaka, nyie watu wa Ulaya mna roho gani?"

Nikamuuliza kuna nini.

"Mama amerudishiwa hela yake na matusi juu. Hali chakula vizuri, haongei na mtu. Skolastika ni nani kama si mama?"

Wakuu, nikamwambia Doto anieleze yote, niko palepale kati ya maboksi.

Mama Kulwa alifungua akaunti kwa sababu siku hizi malipo ya ufuta anaouza yanapitia benki, na benki inataka jina la kitambulisho. Namba ya akaunti yangu aliitoa kwenye daftari la baba. Alikuwa amevuna mpunga wa bondeni, kumbe alikodisha nusu tu ili apate hela ya kulimia nusu iliyobaki. Ile laki mbili na arobaini ilikuwa fungu langu.

Alienda mjini kuuliza kama imefika. Mhudumu akamsomea dirishani, watu wako kwenye foleni nyuma yake: "Sikujui. Usitume tena."

Mkiniuliza ilikuwaje nisijue jina la mtu aliyenilea, jibu ninalo na linanitia aibu. Fomu zote za shule niliandika jina la marehemu mama mzazi. Hili la huyu sikuwahi kulihitaji popote, kwa hiyo sikuwahi kuliuliza.

Nikampigia. Nikaeleza mambo ya app, matapeli, customer care, group. Alisikiliza mpaka mwisho.

Akasema: "Hilo la benki nimekuelewa. Jina hukulijua. Na lile la mwaka juzi kwenye simu, nalo ulikuwa hujui unaongea na nani?"

Hapo sikuwa na cha app wala cha matapeli. Nikalia. Nikasema, nilijua, Mama. Nilijua kabisa. Nisamehe.

Akaniuliza kama huku kuna baridi.

Nikamwomba aitume tena ile hela, safari hii nitaipokea. Akakataa. "Kitu ulichokikataa hakiletwi mara ya pili. Kinafuatwa. Ipo hapa, njoo uichukue mkononi."

Nauli ya kwenda na kurudi ni mara kumi na kitu ya hiyo hela. Likizo nimeshaomba, tiketi nimeshakata. Doto nimemrudisha kwenye group na uadmin nimempa yeye.

Nilichojifunza: ukimtumia mtu hela, kwenye maelezo andika jina analokuita. Na ukiingiziwa usiyoijua, usiiguse, lakini kabla ya kuandika neno lolote waulize hata wale mliogombana nao. Mara nyingi wao ndio wenye jibu.

Sasa ninyi. Jina kamili la aliyekulea, lililo kwenye kitambulisho chake, unalijua? Andika hapo chini, na usimpigie mtu kwanza kuuliza.

Mimi naanza: Skolastika Petro Kapele. Mama yangu.