Nilicheka mbuzi kwenye nyumba ya mwandishi, posa ikasimama

Habari za mida hii wakuu. Hii siyo chai, imenikuta mwenyewe na aibu bado ninayo.

Mimi ni mmoja wa wale tuliokulia kambi ya wakimbizi Tanzania, tukarudi Burundi tayari wakubwa. Naishi Gitega, nauza spea za baiskeli.

Nikampenda binti wa Muyinga, Belyse. Kwao ni kijimji cha zamani kando ya mto Ruvubu, na sifa yao ni moja tu: mwandishi.

Marehemu aliandika vitabu kwa Kifaransa, akajulikana mpaka Ulaya. Ukimsalimia mtu pale, kabla hajaitika ameshakutajia mwandishi. Vitabu vyake sasa, hakuna aliyeniambia hata kimoja kinahusu nini!

Siku ya posa tukabeba pombe ya ndizi, baba mdogo akiwa mshenga. Huku muoaji haongei. Unakaa umeinama kama mgonjwa wa jino.

Baba mkwe akasema, "Alors, mbele ya kuongea, twende muone kwanza nyumba ya mukubwa wetu."

Tukateremka mpaka mtoni. Nilitegemea makumbusho wakuu, basi hata kibao!

Nakuta matofali yamebanduka, bati limetoboka, na ndani mbuzi wanatafuna majani. Beberu mmoja akanikazia macho.

Nikaropoka, "Kumbe mwandishi mwenyewe alikuwa na ndevu!"

Nikacheka. Peke yangu.

Kurudi nyumbani tukakaa kuzunguka chungu cha pombe, kila mtu na mrija wake. Baba mkwe akachomoa wake, akauweka chini, maana yake hanywi tena na sisi. Baba mdogo akaninong'oneza, "Umetumaliza." Belyse alikuwa mlangoni, machozi yanamlenga. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo bibi yake Belyse, dada wa yule mwandishi, akaniita.

"We mutoto wa Tanzania. Wazazi wako walipotahuka, walipotoka kambini, walikuta shamba yao?"

"Hapana bibi. Kule kwetu Mutaho tulikuta mtu ameshajenga."

"Voilà. Nyumba ya bure, haina mutu ndani, iko ya kila mutu. Watoto ya kaka yangu iko mbali, hawarudi. Mi sina nguvu ya kulala mule. Nikaweka mbuzi zangu, watu wajue nyumba iko na mwenyewe."

Wakuu, nilinywea. Baba yangu amekufa akilidai lile shamba. Kesi, vikao, njoo kesho, mpaka tukamzika kwenye kiwanja cha watu.

Nikasahau kabisa kwamba siruhusiwi kuongea. Nikapiga magoti pale pale, "Bibi, nisamehe. Sisi hatukuwa na mtu wa kutuwekea hata mbuzi mmoja."

Bibi akafuta macho kwa kitenge, akamtazama mwanawe.

Baba mkwe akaokota mrija wake, akaukung'uta vumbi.

"Rudi Jumapili na pombe ya kuomba radhi," akasema. "Na ile mudomo yako, uiache Gitega."

Basi Jumapili tunapanda tena Muyinga. Baba mdogo kaapa nikifungua kinywa ananiacha huko huko.

Funzo: ukifika kwa watu ukaona kichekesho, uliza kwanza mbuzi ni wa nani na anafanya nini pale.

Ambao mmewahi kuharibu posa zenu wenyewe, shukeni hapa chini tufarijiane. Wa kunicheka nao ruksa, nimestahili.