Gari Lenye Mikwaruzo ya Jeneza

Mikwaruzo ya gari letu haikuletwa na geti wala pikipiki. Ililetwa na jeneza la mume wangu. Siku ya mazishi, gari la kubeba maiti tuliloahidiwa halikufika, na marehemu alitakiwa kuzikwa kijijini kwao, upande wa Walungu, kabla jua halijazama. Ndugu zake wakasema basi abebwe na gari lake mwenyewe. Shemeji yangu, mdogo wake wa mwisho, akalifunga jeneza kwa kamba juu ya paa, akashika usukani, mimi nikakaa nyuma. Tulipokuwa tunapanda mlima, jeneza likateleza. Vishikio vyake vya chuma vikachimba rangi ya paa na kushuka mpaka kwenye mlango wa nyuma. Watu wa basi dogo lililotufuata wakapiga honi. Tukasimama, wanaume wakalirudisha juu, wakafunga upya, tukaendelea.

Sikulia siku ile, wala siku zilizofuata. Mjane wa kwetu hutarajiwa asikike mpaka ng'ambo ya barabara. Mimi nilikuwa nikiuliza kama sahani zinatosha. Wengine walisema nimejikaza, wengine walisema mengine, maana Bukavu mdomo hauna likizo. Ukweli ni kwamba sikuwa najikaza. Ndani hakukuwa na kitu cha kukaza. Nilikuwa naamka, naoga, naenda kufundisha, narudi, nalala, kama mtu anayefanya zamu ya mwenzake.

Gari nililiendesha. Hapo ndipo nilipogundua kwamba watu hawapandi tena. Mama wa kwaya, ambao zamani walibanana kwenye kiti cha nyuma mpaka mlango ukakataa kufunga, sasa waliniona nikipunguza mwendo wakaanza kusifia faida za kutembea kwa miguu. Mvua ilikuwa inanyesha. Mmoja aliniambia wazi kwamba gari lililochorwa na jeneza bado lina safari, na yeye hataki kuwa abiria. Nilimwambia haya, nikaenda zangu. Wala sikuumia, nafasi ilibaki kubwa.

Shemeji alikuwa anapita nyumbani baada ya misa. Kila mara alianza na salamu za watoto, kisha macho yake yakaenda uani ambako gari liliegeshwa. Akasema hii gari haifai kubaki hivyo, lazima ipakwe rangi kabla ya siku ya kutoa matanga. Atamleta fundi, na malipo ni juu yake, nisiwaze.

Mimi nikawaza. Siku ya kutoa matanga ndiyo siku ukoo wa mume unapokaa na kusema nani anachukua nini. Mashati, koti, redio, na kitu chochote chenye magurudumu. Kwa sheria ya serikali naweza kubishana, lakini mbele ya wazee wa ukoo sheria huambiwa isubiri nje. Nikaona mambo yote kwa wepesi wa ajabu: gari likiwa safi, shemeji ataondoka nalo. Likiwa na mikwaruzo ya jeneza, hakuna atakayeligusa. Na nililitaka lile gari. Kiti cha dereva kilikuwa bado kimesukumwa nyuma kwa ajili ya miguu mirefu ya mume wangu, mimi nikiendesha na mto mgongoni. Kwa hiyo nilipoulizwa, nilijibu kwamba nitalitengeneza mwenyewe.

Hata hivyo akamleta fundi. Mtu wa garaji ya kule Panzi, nguo zake zina rangi za magari yote ya mji. Akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo, ukucha ukanasa. Akasema hapa polishi haitasaidia kitu, rangi imekwisha na chuma kinaonekana, kutu imeshaingia. Yeye angeufungua mlango mzima, akwangue, aweke masitiki ya kuziba mashimo, apake rangi ya chini, ya juu, halafu vernisi ya kung'arisha. Kipande kidogo hapakagi, kwa sababu kiraka hujionyesha. Kisha akauliza kilichochora ni nini. Nikamwambia. Akafuta mikono kwenye suruali, akasema kazi ataifanya, lakini tumwite kwanza padri alimwagie gari maji ya baraka. Nikamjibu kwamba gari halina pepo, lina kutu. Shemeji hakucheka. Alitazama chini, akamsindikiza fundi mpaka barabarani, na mimi nikasema moyoni: huyo, gari linamponyoka.

Basi nikaanza kazi yangu, nia ikiwa ni kuiharibu. Jirani alinipa shauri la dawa ya meno. Nikaisugua kwa kitambaa, mlango mzima ukanuka kama mtu aliyetoka kupiga mswaki, na mkwaruzo ukabaki pale pale, umekuwa mweupe tu. Nikanunua masitiki na karatasi ya msasa ile ya maji. Nikanunua kopo la rangi ya kupuliza kwenye soko la Kadutu. Muuzaji aliapa kwamba ni buluu ile ile ya gari letu. Nilijua si ile ile, ndiyo maana nililichukua.

Lakini mikono ina mambo yake. Nilikaa kwenye kiti kidogo cha jikoni na ndoo ya maji kando, nikasugua. Kutu ikatoka nyekundu, ikatiririka kwenye simenti. Nikasugua taratibu, kingo kwa kingo, kama ninavyowafundisha watoto kupaka rangi bila kuvuka mstari. Masitiki nililainisha hadi kidole hakikuhisi tena ukingo. Nilitaka kufanya vibaya nikashindwa. Paa sikuligusa. Nilipopuliza rangi, upepo wa kiangazi ukaleta vumbi jekundu likanata humo, na ilipokauka ikawa buluu ya sare ya shule, ukanda mmoja unaokwenda kutoka kioo mpaka kwenye namba. Ukiwa ng'ambo ya barabara unauona. Nilisimama nikautazama. Sikufurahi kwamba kazi imeharibika, wala sikusikitika. Nilikunja kitambaa nikapika maharage.

Shemeji akaja Jumamosi, siku moja kabla ya kutoa matanga. Hakuanza na salamu za watoto. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya gari, akaweka kiganja juu ya ukanda ule. Nilimfuata nikiwa na maneno yangu tayari, yale ya sheria na yale ya matusi. Nilimwuliza kama amekuja kulipima kabla ya kulichukua.

Akanitazama kama hajanielewa. Kisha akaelewa, uso ukamwanguka.

"Maman, gari sitaki," alisema. "Nilisha ambia bazee, gari ni ya kwako. Minatakaka tu hii alama itoke. Ni miye nilifunga kamba. Kila nikipita hapa minaiona. Kaka yangu nilishindwa kumufunga kamba."

Kwa hiyo miezi ile yote nilikuwa nikilinda kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakiiba. Ilibidi niseme pole, au nicheke. Nilikaa kwenye kile kiti changu cha jikoni. Yeye akaendelea kuomba, kwamba nimruhusu ampigie fundi sasa hivi, aje achukue gari, akwangue yote, na paa pia. Alisema anajua kwamba sijalia kwa sababu nimemkasirikia, na nina haki.

Hapo kitu kikasogea ndani yangu, kidogo, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka. Kilikuwa kinauma. Nikamwambia kile ambacho sikuwa nimemwambia hata padri.

"Nilisikia, shemeji. Ile siku, kabla ya wale ba nyuma bapige honi, nilisikia sanduku iko inateleza juu ya kichwa yangu. Nilinyamaza. Nilisema: ona, anakataa kwenda. Anarudi ku nyumba. Nikafurahi."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya mlango.

"Sikukukasirikia juu ya vile ulifunga mubaya," nilimwambia. "Nilikukasirikia wakati ulifunga tena, ukakaza."

Nilisikia sauti yangu ikipasuka kwenye neno la mwisho, nikashangaa kwamba ni yangu. Shemeji aliteremka polepole mpaka akakaa kwenye simenti, mgongo kwenye gurudumu, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Yeye ndiye aliyeanza kulia.