Kamba ya Mzaliwa wa Kwanza

Fahali wa baba alikuwa amekwisha kumvunja mtu paja kabla sijamwambia mseminari maneno yale. Ninatanguliza hilo kwa sababu nilipoyasema nilijua vizuri mnyama huyo ni wa namna gani. Mimi ndiye niliyemlisha. Kila asubuhi nilimkatia majani ya nepia, nikamchanganyia molasi kwenye karai, kisha nikamsukumia karai kwa mti mrefu, kwa kuwa aliyemkaribia kutoka kushoto alipigwa pembe. Kijana aliyempeleka kupigana uwanjani Khayega alisahau jambo hilo siku moja. Tuliusikia mfupa wake ukikatika kama mua unaovunjwa gotini.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Baba alikuwa karibu kutimiza mwaka kaburini, na mama alikuwa amemtangulia. Niliacha shule darasa la saba mama alipoanza kuugua, na walipokwisha kwenda wote wawili nilibaki na mdogo wangu wa kiume, wasichana wawili wadogo, na kukhu, yaani nyanya yetu mzaa baba, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Nilikuwa na miaka kumi na minane.

Mseminari alikuja parokiani kwetu kwa mwaka mmoja. Alikuwa mtu wa mbali, hakujua lugha yetu, na alikuwa akiandika tasnifu ya falsafa kuhusu sadaka na jinsi wazee wetu walivyomfikiria Mungu kabla ya makanisa kufika. Padri alimwambia kwamba Kiswahili changu ni kizuri, nikawa mkalimani wake. Tulipotembea kutoka boma hadi boma alinieleza mawazo yake kana kwamba nami nilikuwa mwanafunzi mwenzake. Wazo lake kubwa lilikuwa hili: binadamu wana ghadhabu ndani yao, na ghadhabu isipopata pa kwenda, ndugu huuana. Kwa hiyo kila jamii duniani ilitafuta mnyama wa kuibeba. "Kwenu mafahali hupigana ili watu wasipigane," aliniambia. "Ile damu kwenye pembe ni sala."

Nililipenda wazo hilo. Lilifanya vumbi la Khayega, pamoja na walevi wake na rungu zao, lionekane kuwa na maana. Nilijua kwamba kila mara mafahali walipomaliza, watu walirudi nyumbani na vichwa vilivyopasuka. Sikumwambia.

Siku moja alinituma nimuulize kukhu Mungu hupokea nini damu ya fahali inapomwagika. Kukhu alikuwa mtu wa kuamka mapema, kuligeukia jua linalochomoza, kutema mate kidogo kama ya baraka na kuiombea siku ipite salama.

"Mwambie Nyasaye hali nyama," alisema. "Nyama tunakula sisi. Yeye tunamwomba asubuhi, mikono mitupu."

Mseminari aliandika, lakini niliona hakuridhika. Akauliza tena: siku ya shilembe, siku fahali huletwa kuukanyaga uwanja wa marehemu aliyekuwa mfugaji, kamba hushikwa na nani? Kukhu alikuwa ameanza kusinzia. Nikajibu mimi.

"Mzaliwa wa kwanza wa marehemu. Humpeleka fahali hadi kaburini, kisha uwanjani, na haachi kamba mpaka pembe zikutane."

Ukweli ni kwamba niliwahi kusikia habari za mtu mmoja aliyefanya hivyo. Mmoja tu, na nadhani alifanya kwa kuwa hakuwa na wa kumsaidia. Nikamgeuza desturi. Mseminari aliandika haraka, akapiga mstari chini yake, na mimi nilifurahi.

Wiki mbili kabla ya shilembe ya baba, wazee wa ukoo walikutana nyumbani kwetu. Mseminari aliomba kuwasomea aliyoyaandika ili wamsahihishe. Alipofika kwenye mstari wangu, baba mdogo alinyanyua mkono. Alikuwa mdogo wake baba, mtu mwenye mabega mapana, na daima alishika fimbo ya kuongozea fahali.

"Soma hapo tena, Bradha."

Mseminari akasoma.

"Mmesikia?" Baba mdogo aliwageukia wazee. "Imeandikwa. Na sisi tumekuwanga tukipeana ndume kwa vijana wa kulipwa kama watu wasio na kwao. Kijana ashike kamba ya babake."

"Ana miaka kumi na tatu," nilisema.

"Mimi nikiwa wa miaka hiyo nililalanga zizi moja na ndume. Asiyeshika kamba ya babake hana boma. Akishindwa, nitashika mimi, na boma nitalichunga mimi."

Mzee mmoja alicheka. "Huyo ana uzito wa karai ya molasi. Ndume itamvaa kama kofia."

Mdogo wangu alisimama. "Nitashika," alisema, sauti ikimkatikia njiani.

Niliwaambia basi kwamba maneno yale ni yangu, kwamba sikuwa na hakika nayo, kwamba sikuwahi kuona jambo kama hilo kwa macho yangu.

"Sasa unakana kwa sababu unaogopa," baba mdogo alisema. "Yamo kitabuni."

Nilimtazama mdogo wangu, mikono yake myembamba. "Kama yamo kitabuni, imeandikwa mzaliwa wa kwanza," nilisema. "Wa kwanza ni mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Kwetu mwanamke hakanyagi uwanja wa mafahali. Husemwa kwamba fahali akikutana na mwanamke njiani siku ya kupigana, atakimbia.

"Mama, kaa chini," baba mdogo alisema. Aliniita hivyo tangu nizaliwe, kwa kuwa nilipewa jina la kukhu, mama yake. Sikukaa. Fimbo ilinipata kwenye taya. Nilihisi jino liking'oka, mdomo ukijaa. "Mama, nimesema kaa chini." Ilishuka mara ya pili begani, na ya tatu kwenye kiuno. Mkono wa mseminari ulikuwa juu na kalamu, ukabaki hapo hapo hewani. Nilitema damu kando nikabaki nimesimama.

Kukhu, ambaye hakuona kitu ila alisikia kila fimbo, aliuliza kutoka mlangoni, "Ni nani aliyetangulia kutoka tumboni mwa mkwe wangu?"

Kisha akagonga kizingiti kwa kiganja.

"Basi mwacheni ashike."

Wazee walinong'onezana. Mwishowe baba mdogo alisema, "Sawa. Akiiacha kamba kabla ya pembe kukutana, boma ni langu." Nadhani alikuwa na hakika.

Asubuhi ya siku yenyewe ngoma za isukuti zilianza kabla umande haujakauka. Fahali alikuwa amenyweshwa pombe ya busaa, pembe zake zimechongwa kwa kisu mpaka zikang'aa. Nilimwendea kutoka kulia, nikimwita kama nilivyomwita wakati wa molasi, nikashika kamba. Alinivuta hadi kaburini. Aliupiga udongo kwa kwato, akauzungusha msalaba wa mbao kwa pembe mara moja, ukakatika vipande viwili. Watu walishangilia. Mimi niliona jina la baba likianguka kifudifudi.

Uwanjani, upande wa pili ulikuwa na fahali mweusi kutoka ng'ambo ya mto. Wenye fahali huyo waliponiona walianza kupiga kelele, "Toa huyo mwanamke." Bonge la udongo lilinipiga mgongoni, kisha jiwe. Kwa woga nilifanya kosa ambalo kila anayefuga hukatazwa: niliizungusha kamba kwenye mkono wangu wa kushoto ili isiniponyoke. Fahali alimwona mwenzake akachomoka. Nilianguka, nikaburutwa kwa tumbo kwenye nyasi, na nilisikia pembe zikigongana juu ya kichwa changu kama mashoka mawili. Ndipo kamba ilipokazwa, na vidole viwili vikakatika. Kwa muda sikusikia maumivu yoyote. Niliviona kwenye nyasi, nikadhani ni vya mtu mwingine.

Fahali wa baba aliingiza pembe chini ya shingo ya mweusi, akaipandisha. Mweusi alipiga magoti, akapumua mara tatu, damu ikimtoka puani, akalala.

Hapo ndipo watu walipoanza. Wa ng'ambo walisema fahali wao alirogwa na mwanamke. Rungu zilitoka makotini. Niliona mtu akipigwa usoni akiwa bado anacheka. Wanaume wawili walinijia nikiwa chini, na kabla hawajanifikia baba mdogo alisimama juu yangu, mguu huku na mguu huku, akamvunja mmoja mkono kwa ile ile fimbo iliyonitoa jino. "Huyu ni mama yangu," aliwaambia, na akampiga tena aliyekwisha kuanguka. Mdogo wangu alinivuta kwa miguu hadi kwenye ua.

Zahanatini nilikaa benchi moja na mseminari. Jiwe lilikuwa limempasua juu ya jicho.

"Bradha, ulisema ghadhabu hubebwa na mnyama," nilimwambia.

"Ndiyo."

"Leo ilibebwa na nani?"

Aligusa kidonda chake. Kisha alisema labda ni kwa kuwa utaratibu ulivunjwa, na sadaka iliyovunjwa haikamiliki.

"Hata siku isiyo na mwanamke hutokea hivyo hivyo," nilisema. "Nilijua tangu mwanzo. Sikutaka kukuharibia."

Alilifungua daftari lake gotini. "Na ule mstari wa mzaliwa wa kwanza? Niufute?"

"Usiufute. Andika kwamba nilisema mimi, na kwamba sikuwahi kuona."

Aliandika polepole, tone la damu likaanguka ukurasani, akalipangusa kwa mkono wa shati. Sijui kama sentensi hiyo ilifika kwenye tasnifu yake. Mwaka wake uliisha, akaondoka.

Boma lilibaki letu. Mdogo wangu amelelea watoto wake humo, na baba mdogo hakulitaja tena hadi alipokufa.

Mwaka jana nilikwenda kwenye shilembe ya jirani. Kamba ilikuwa mkononi mwa binti yake mkubwa, amesimama upande wa kulia wa fahali, midomo imekauka. Nilimuuliza mzee aliyekuwa kando yangu ni nani aliyeamua hivyo.

"Hakuna aliyeamua," alinijibu. "Ni mzaliwa wa kwanza. Ndivyo mababu walivyofanya."

Niliona binti huyo amezungusha kamba kwenye kiganja mara mbili. Nilipita katikati ya wanaume, nikamshika mkono, nikaifungua kamba, nikamwonyesha jinsi ya kuishika wazi. Aliutazama mkono wangu wa kushoto, akaelewa.