Function yangu ya kwanza ilipunja mkeka wa harusi

Wakuu, habari za mchana. Hili lilinitokea mwenyewe, sina haja ya kulitia chumvi.

Nilikuwa nimemaliza form six, nipo nyumbani Ngamiani nasubiri chuo, najifunza Python kwa laptop ya kuazima. Nikafika kwenye functions. Mazoezi yenyewe mnayajua: andika function ipokee urefu na upana, irudishe eneo.

Nikachoka kuhesabu mistatili isiyo na mwenyewe.

Tulikuwa tukiishi na shangazi Mwanaidi, dada yake baba. Siku hizo alikuwa akisuka ukili, ule mkanda mrefu wa miyaa, yale majani makavu ya kusukia, unaoshonwa kuwa mkeka. Mkeka ulikuwa wa harusi ya bintiye, zimebaki wiki mbili. Na kwa mtaa wetu, bibi harusi akikosa mkeka wa mama yake, maneno hayaishi.

Kawaida shangazi alisuka mpaka aone umetosha. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia asikisie, namhesabia.

Mkeka mita mbili na nusu kwa mita moja na sentimita sitini. Ukili upana wake sentimita tano. Function ikarudisha mita themanini.

Shangazi hakuwa mtu wa mita, alipima kwa shibiri, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Basi nikaandika function ya pili ya kugeuza. Nikatanua kiganja changu kwenye rula, sentimita 23. Jibu: shibiri 348.

Aliniamini, wakuu. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo.

Akatia rangi miyaa ya kutosha hizo 348 tu, akasuka, akaanza kushona. Ukili ukaisha, mkeka bado.

Nikapitia code mara kumi, hesabu iko sawa kabisa. Shangazi aliniangalia, kisha akauliza taratibu:

"Hiyo kompyuta yako, mwanangu, imepima kwa mkono wa nani?"

Akatanua kiganja chake juu ya rula. Kumi na tisa.

Ikabidi atie rangi upya, na wasukaji wanajua rangi ya sufuria ya pili haifanani na ya kwanza. Alisuka siku tatu mfululizo, vidole vikachubuka, wala hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Siku ya harusi mkeka ulikuwa umetimia, ila wekundu wa upande mmoja umepauka. Wanawake walipomuuliza, akawajibu, "Hapo kahesabu msomi wetu." Walicheka mpaka nikakimbilia kwa wapishi.

Shangazi alifariki mwaka juzi.

Siku hizi nafundisha vijana programming, na zoezi la kwanza ninalowapa ni hilo hilo la mkeka. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini nimeandika shibiri = 19, tusiweke 20 hesabu iwe nyepesi. Nikamwambia aiache kama ilivyo, halafu nikatoka nje kidogo.

Nilichojifunza: kabla hujaipa function namba, uliza ni ya nani. Na kama nyumbani una mzee anayepima kwa mkono, chukua rula leo hii.

Nguo zake tuligawa, mikeka tuligawa. Mimi nimebaki na hiyo 19.

Wewe umebaki na nini cha mtu wako? Andika hapo chini, nitasoma zote.