Vanishi ya Mwisho

Alvah Druckmiller aliyapaka vanishi magari ya kampuni ya Tolliver tangu yale ya kwanza, yaliyofanana na mikokoteni iliyotorokwa na farasi wake. Sakafu ya chumba chake kiwandani ilimwagiwa maji ili vumbi lisipande, na hata mwenye kiwanda alibisha hodi. Gari moja lilikaa humo wiki kadhaa: linapakwa, linakauka, linasuguliwa, linapakwa tena. Mji wetu mzima hapa Indiana ulijivunia jambo hilo, wajinga sisi. Kule Detroit, kwenye viwanda vikubwa vya magari, walishaanza kupuliza rangi inayokauka kabla ya chakula cha mchana, nasi tunajifariji kwamba haraka haraka haina baraka. Tolliver ikafilisika.

Gari la mwisho lilibaki bila vanishi ya mwisho. Hakuna aliyelitaka, kwa hiyo Alvah akalivuta kwa farasi hadi ghalani kwake. Mkewe, Leota, hakuwahi kupanda Tolliver hata siku moja. Alvah akamwahidi kwamba likikauka tu, atampeleka matembezi mtoni.

Miaka ikapita. Kila alipopaka aliona chembe ya vumbi, akasugua gari zima, akaanza upya. Leota akaugua kifua, akawa wa kitandani. Siku moja, mimi jirani yao nimempelekea supu ya kuku, Alvah akaingia ananuka vanishi.

"Alvah, mimi sitaki kujitazama kwenye mlango wa gari," Leota alimwambia. "Nataka kukaa ndani."

"Vumilia kidogo, mke wangu. Safari hii limekubali. Usiliguse tu."

Nilitamani kumrushia lile bakuli.

Kesho yake hali ilipozidi, Alvah alikwenda kumwita daktari. Waliporudi walimkuta Leota kitandani, ameshakata roho, nyayo zake zina matope. Matope hayo tuliyaelewa baada ya mazishi. Kwenye mlango wa Tolliver, karibu na kitasa, vidole vinne vilikuwa vimeacha alama katika vanishi mbichi. Shali yake ilikuwa ndani, kwenye kiti cha abiria.

Alama zile Alvah hakuzisugua. Hashiki brashi tena, hushinda ghalani amekaa garini. Nasema wazi, naogopa kupita pale.

Juzi nilimsikia akiuliza kwa upole, "Leota, upepo haukusumbui?"

Nikachungulia kwenye ufa wa mbao. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani, na kioo cha dirisha la upande wa Leota, kile cha kuzungushwa kwa mkono, kilikuwa kinapanda.