Maji ya Shimo la Sita

Mimi ni mtu wa gofu, na anayetaka kucheka acheke. Nimebeba mifuko ya wakubwa pale Morogoro mjini tangu nina miaka kumi na saba, nikawa mkubwa wa makedi wote, ndio sisi wabeba mifuko, kisha nikawekwa kutunza majani. Fimbo yangu mwenyewe sijawahi kuwa nayo hata moja, lakini nikikanyaga uwanja naujua. Najua mpira utakimbilia wapi, mvua itatuama wapi, na bwana mwenye kitambi atakata pumzi kwenye shimo la ngapi. Miaka yote hiyo watu waliniuliza jambo moja tu: "Pazi, nipige na fimbo namba saba au namba nane?" Zaidi ya hapo hakuna aliyetaka maoni yangu.

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, akaja Godlisten. Kijana wa Moshi, mpole, amesomea ng'ambo kuchora viwanja vya gofu, eti kuna shule ya mambo hayo. Kampuni moja ya hoteli ilikuwa imepata eneo milimani, mbele kidogo ya Kinole, ikataka uwanja wa mashimo tisa. Alinifuata mpaka nyumbani Mafiga, akaniamkia, akakaa.

"Mzee, nimechora, lakini kule ni milima mitupu," akasema. "Nataka mtu anayeijua gofu na anayeujua ule mlima aupitie mchoro wangu kwa miguu, aniambie lipi linafaa na lipi halifai. Kila ninayemuuliza anakutaja wewe."

Loo! Kichwa kikavimba. Alijua nimezaliwa kule. Ambacho sikumwambia ni kwamba chini ya eneo lile kuna shamba la dada yangu, Mwanvita.

Hapo inabidi nieleze. Sisi Waluguru ardhi ni ya upande wa mama. Lile shamba aliliacha mama yetu, likashikwa na Mwanvita, na baada yake watalishika watoto wake. Watoto wangu hawana chao pale, wana kwao kwa mama yao. Lakini mimi ni mjomba, na mjomba ndiye msemaji wa lukolo, ndiyo ukoo huo. Mipaka, kesi, posa, yote anaulizwa yeye kwanza. Mwanvita hakuwahi kukata hata mti bila kunipigia simu.

Basi tukapanda. Shimo kwetu ni njia nzima, tangu pa kuanzia kupiga mpaka kwenye bendera, na la kwanza nikalipitisha. La pili mpigaji alikuwa haoni bendera, anapiga mpira juu ya kilima halafu aombe Mungu. Nikamwambia hamisha pa kuanzia. La nne mteremko umelala upande, mpira wowote, uwe mzuri uwe mbaya, unaishia korongoni. "Huu si mchezo, huu ni wizi wa mipira," nikasema. Akacheka, lakini alipofuta kwenye karatasi niliona mkono umekuwa mzito. La tano nalo nikalikataa, maana kutoka pale hadi linalofuata ni kupanda dakika ishirini, wageni wangeomba machela. Safari hiyo hakucheka.

Tukafika la sita. Jamani, lile shimo! Unasimama juu, mbele yako bonde, na ng'ambo ya bonde kuna kibaraza cha ardhi kimetokeza ubavuni mwa mlima. Pale ndipo alipotaka kuweka grini, yale majani mafupi ya kumalizia, na bendera. Ukipiga fupi umepotea, ukipiga ndefu mlima unakurudishia mpira wako. Ni gumu, lakini ni la haki. Nimezunguka na mifuko maisha yangu yote, sijaona shimo zuri vile. Nikalipenda palepale.

Tukashuka, tukapanda tena mpaka kwenye kibaraza. Vumbi tupu. Kwenye mchoro palikuwa na kabonde kadogo, lakini karatasi haisemi kama kabonde kana maji. Mawe ndiyo yalikuwa yanasema, yamekuwa mviringo, yamesuguliwa. Na katikati ya mawe mawili lilikuwa limebaki gimbi moja, majani mawili, kijani kibichi. Gimbi halioti pasipo maji. Na mimi sikuhitaji gimbi kunikumbusha. Nilipokuwa mdogo, masika, mama alikuwa akinivusha pale mgongoni, maji yakimfika magotini.

Godlisten akajifuta jasho. "Mzee, umeshanikatalia matatu. Na hili likianguka, wenye hoteli wanahamia kwingine, wameshaniambia. Kwa hiyo niambie tu. Maji yanapita hapa?"

Nilikuwa nimesimama juu ya lile gimbi. Nilitaka kusema sijui mguu ulifikaje pale. Uongo. Niliupeleka mwenyewe.

"Hayapiti," nikasema.

Kwa mwezi mzima nilijifariji na neno hilo. Kijana aliuliza kama yanapita, na siku ile, saa ile, hayakuwa yakipita. Angeuliza kama huwa yanapita, hiyo ingekuwa habari nyingine. Sikudanganya, nikajiambia, nimejibu nilichoulizwa. Upuuzi mtupu! Mtoto wa darasa la pili angejua alichouliza. Nilimdanganya kwa sababu nililitaka lile shimo, na kwa sababu nilichoka kuona uso wake ukishuka kila nikifungua mdomo. Akaandika, nikatia sahihi.

Katapila likaja, likafukia, likasawazisha. Majani yakashika vizuri. Mwezi wa kumi na mbili Mwanvita akanipigia simu. "Kaka, naona kule juu wamefukia. Masika maji yatapita wapi?"

"Wana wataalamu wao," nikamjibu. Mtaalamu mwenyewe mimi! Niliweka simu mezani, roho ikanisuta, na bado sikufanya kitu.

Masika ya mwaka jana, wiki ya pili, maji yakakuta njia imezibwa. Yakajaa nyuma ya grini, yakapasua ukingo, yakashuka kushoto, mahali ambapo hayajawahi kushuka tangu tuzaliwe. Ilikuwa asubuhi, Mwanvita yuko jikoni. Alisikia mlio, akatoka, akaona mikarafuu aliyoipanda mama pale shambani inaondoka ikiwa imesimama. Yote ilikwenda, na udongo wote mpaka kwenye mwamba. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye jiwe ameshika tawi moja la mkarafuu. Hakulia. Mimi nililia, na yeye akanibembeleza. Unaelewa? Yeye ndiye aliyenibembeleza mimi.

Mkutano ukaitwa ofisi ya kijiji. Watu wa hoteli wakaja na Godlisten, kakonda. Mwenyekiti akamuuliza kwa nini aliziba njia ya maji. Akasema aliuliza, akaambiwa hapana maji. Jina langu hakulitaja. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au huruma.

Mwanvita akainuka. "Ulimuuliza nani? Kaka yangu mwenyewe alikuwa na wewe siku ile, niliwaona! Huyu amevushwa pale na mama, huyu hapa! Ungemuuliza angekwambia." Akanigeukia. "Kaka, simama uwaambie."

Nikasimama. "Aliniuliza," nikasema. "Nikamwambia hayapiti."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mwanvita akaniangalia, halafu akasema polepole, kwa sauti ya kunitafutia njia, "Ulisahau, kaka. Si ulisahau?"

Ningeitikia, yangeishia pale. Wangesema ni uzee, wangenionea huruma, tungekwenda nyumbani.

"Sikusahau," nikasema.

Akakaa chini, akajifunika vizuri mtandio wake.

Hoteli ilifumua lile shimo. Nilikwenda mwenyewe kuwaonyesha mkondo wa zamani hatua kwa hatua, na maji sasa yamerudi njia yake. Udongo haukurudi. Pale kwenye mwamba hata mhogo hauoti. Nilimwomba Mwanvita msamaha mara mbili, na mara zote mbili alisema, "Yameisha, kaka," akanipakulia chakula. Nikadhani yameisha kweli.

Mwezi uliopita niko sokoni, mama mmoja wa kwetu akanishika mkono. "Hongera, mjomba! Nasra kaposwa!" Nasra ni binti mkubwa wa Mwanvita. Nikacheka, nikapokea hongera, huku jasho linanitoka. Posa ile ilitakiwa ifike kwangu kwanza. Kumbe aliyeitwa kuipokea ni Abdulswamad, mtoto wa mama yetu mdogo, naye ni mjomba wake pia, ambaye amekaa Dar miaka ishirini na hata umri wa Nasra haujui!

Kesho yake nikapanda gari, nimefura. Nikamkuta Mwanvita anachagua mchele. Akaniamkia, akanipa kigoda, akaniletea chai. Nikamuuliza mbona wamenipita, mimi mjomba mtu.

Akaendelea na mchele wake bila kuinua uso. "Kaka, siku ya posa mjomba anaulizwa swali moja. Kijana anafaa au hafai."

"Najua."

"Na huyu kijana ni mtanashati, anaongea vizuri, nyumba nzima imeshampenda." Akatoa jiwe kwenye ungo, akalitupa uani. "Nilitaka mtu ambaye akiona kasoro ataisema."

Hasira yote ikaniishia. Nilikunywa chai yangu mpaka mwisho. Nasra akatoka ndani, akaniamkia, nikamuuliza harusi lini, akanitajia tarehe. Nikamwambia nitakuja, inshallah, nitakaa na wageni.