Madamu Sundus na Bahari ya Beseni

Ukiwakuta kina Sundus harusini kule Old Kampala, utadhani bahari waliichimba wao wenyewe kwa majembe. Babu wa babu yao alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa, akafungua duka, akafia hapo hapo. Tangu hapo hakuna hata mmoja wao aliyerudi kuosha miguu huko. Lakini maringo, wewe! Pilau likichelewa watakuambia, "Sisi watu wa bahari hatuna pupa."

Sundus naye hakubaki nyuma. Alikuwa mwalimu wa shule ya gari, ile inayozunguka na hema na ubao wake kuwafuata watoto ambao wazazi wao wanahamishwahamishwa kazini. Leo Kyebando, wiki ijayo Naguru kwenye kambi ya polisi. Lilipofika somo la viumbe vya baharini, alijitanua kama bibi harusi. Akawachorea papa, pweza na kaa. "Damu yangu mimi ni ya chumvi," akawaambia, nao wakaamini, maana mtoto humwamini yeyote mwenye chaki.

Kuchora hakukumtosha. Pale Naguru akajaza beseni maji, akamwaga pakiti nzima ya chumvi ya jikoni, akakoroga. "Haya, bahari hiyo!" Ndani yake akamtia kambale mchanga aliyemnunua akiwa hai Ggaba, kando ya ziwa. Kwa hesabu zake samaki ni samaki tu. Chumvi ataizoea, kama mgeni anavyozoea pilipili.

Kambale akajirusha, akajipinda, akageuka tumbo juu.

"Madamu, umempika!" mtoto mmoja, Nasser, akapiga kelele, na hema zima likaangua kicheko.

Abalo peke yake hakucheka. Baba yake, Okidi, ni askari polisi, na alikuwa ametumwa Mogadishu kulinda amani tangu mwanzo wa mwaka. Mtoto alimtazama samaki, kisha mwalimu.

"Madamu, baba pia ni wa huku. Wa Gulu. Na kule aliko ni bahari tu."

Kicheko kikakatika.

"Mwanangu, baba haishi majini," Sundus akasema. "Huyu nimemuua mimi, kwa kutojua. Samaki wa ziwani hakuumbiwa chumvi."

"Lakini baba anaoga nayo? Anainywa?"

"Sidhani."

"Hudhani? Si wewe mtu wa bahari?"

Jibu la maringo lilikuwa tayari ulimini, na ukoo mzima ungelipigia vigelegele. Ila mtoto huyu alikuwa anatafuta jibu la kwenda kulala nalo.

"Sijawahi kuiona, Abalo. Wala mama yangu. Wala bibi yangu."

Watoto wakatazamana. Sundus akaona aibu mpaka masikioni, lakini hakunyamaza. "Nenda kamwite mama yako. Aje na simu."

Concy, mama yake Abalo, akaja na mikono yenye povu la sabuni, akampigia mumewe. Abalo akaipokonya simu.

"Baba, bahari imekufanya nini?"

Okidi akacheka. "Imeniibia ndala moja! Nilikuwa nimetia miguu tu, ikaja ikabeba. Maji ya kunywa tunaletewa ya chupa. Mimi mzima, binti yangu. Kwani vipi?"

Abalo akashusha pumzi ndefu. Sundus akanyoosha mkono, akaomba simu.

"Afande, samahani. Bahari inanukaje?"

Watoto wakasogea, hata Nasser.

"Subiri kidogo, Madamu," Okidi akasema. "Ngoja nitoke nje."